Mume Wangu Alionja Wiski, Akanyamaza

Dada aliyetuletea haya ametuomba tufiche jina lake na la kila mtu wa nyumbani mwake, nasi tumekubali. Maneno ni yake mwenyewe.

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, Mkristo. Kwetu ni Rabai, lakini nimeolewa hapa Changamwe. Mume wangu ni karani wa shehena bandarini. Si mlevi, na hajaniinulia mkono hata siku moja. Nalisema hili mapema ili msije mkanijibu kwa pupa kwamba nimwache.

Wakati wa vita, meli za Kimarekani zilipokuwa zikija Kilindini, alifanya urafiki na mpishi wa meli moja, Mmarekani mweusi. Huyo ndiye aliyemfundisha wiski za kwao. Sheria haituruhusu sisi Waafrika pombe kali za Kizungu, kwa hivyo walikaa chumbani kwetu, mlango umerudishwa, nami nikiwapelekea mihogo ya kukaanga na kuwasikiliza. Alisema burboni hutengenezwa zaidi kwa mahindi, nayo hulazwa ndani ya pipa jipya lililochomwa moto, ndiyo sababu hunukia kama sukari guru. Ile iitwayo rai hutokana na nafaka nyingine, na hukereketa kama pilipili manga. Akamfundisha pia kusoma karatasi ya chupa: ipi ni wiski tupu, ipi imechanganywa, na ipi imekaa ghalani chini ya ulinzi wa serikali yao. Hiyo ya mwisho, alisema, lazima iwe na ukanda wa karatasi ya kijani juu ya kizibo.

Mpishi alipokwenda zake, mume wangu aliendelea na marafiki wawili wa bandarini, Jumapili baada ya kanisa. Hawakunywa wakalewa, la. Walinusa, wakaonja tone, wakabishana. Huyu husema asali, yule husema ganda la chungwa. Mimi nilikuwa nikiwacheka, watu wazima wanaonusa bilauri kama paka.

Nina ndugu mmoja tu, kitinda mimba wetu. Mama alifariki angali mdogo, nikamlea mimi. Alikuwa seremala huko Likoni, na alimpenda mume wangu kupita kiasi. Alitamani sana kuhesabiwa katika baraza lile. Jumapili moja akaja na chupa ndani ya gazeti, ameinunua kwa mtu kivukoni, uso umemjaa furaha.

"Shemeji, leo na mimi nimekuletea! Hebu soma karatasi yake."

Mume wangu akaisoma, akaigeuza, akaifungua. Nilimwona uso ukimbadilika kidogo, kisha akatabasamu. Akaonja. Akajifuta midomo kwa leso.

"Ndiyo yenyewe," akasema.

Ndugu yangu akacheka kama mtoto. Wale wengine walionja tone kama desturi yao, wakafuata neno la mume wangu. Ndugu yangu hakujua kuonja. Alikunywa.

Kesho yake asubuhi aliamka kwetu akaniuliza, "Dada, mbona nyumba imejaa moshi?" Hapakuwa na moshi. Tulisita kumpeleka hospitali kwa kuogopa kuulizwa pombe imetoka wapi, na kusita kule hakutusaidia. Jioni ile macho yake yalikuwa yamezimika. Daktari alisema ni spiriti ya sumu, na kwamba hataona tena.

Sasa anakaa kwetu na mkewe. Mume wangu ndiye humwogesha, humnyoa, humshika mkono kumpeleka kanisani. Watu wa mtaani hunipa pongezi: "Umeolewa, mwanangu." Nami nilikuwa nikiitikia kwa fahari.

Hata mwezi uliopita, tukiwa wawili tu shambani kwetu Rabai, mume wangu akaketi chini akalia. Nikadhani ameumwa na nyoka.

"Nilijua," akaniambia. "Ule ukanda wa kijani haukuwapo. Na nilipoonja, haikuwa na mahindi wala pipa. Iliniunguza ulimi kama spiriti ya stovu. Niliitema kwenye leso."

"Basi kwa nini ulisema ndiyo yenyewe?"

"Alikuwa akinitazama usoni. Nilidhani ni pombe ya magendo tu iliyotiwa rangi. Sikutaka kumwaibisha mbele ya watu."

Kinachoniumiza zaidi ni hiki: ndugu yangu anaamini kwamba kosa lote ni lake. Mara ngapi nimemsikia akisema, "Shemeji, nisamehe. Ningekuua kwa zawadi yangu." Na mume wangu humjibu, "Yamekwisha, bwana." Zamani nilidhani jibu lile ni upole. Sasa nikilisikia, natoka nje.

Nilimwambia mume wangu aseme mwenyewe. Akanishika miguu. "Ukimwambia, utamnyang'anya mkono unaomwongoza. Atamshika nani?" Ni kweli mimi hushinda sokoni, na mke wa ndugu yangu ndiyo kwanza amejifungua.

Amejifungua mtoto wa kiume. Juzi ndugu yangu aliniita, "Dada!" Nikaitika, "Abee." Akasema, "Nimeshaongea na padri. Mtoto atabatizwa kwa jina la shemeji, na shemeji ndiye atakayemsimamia. Sijaona mtu mwema kama yule."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni, akasikia yote. Hakukataa.

Ubatizo umekaribia. Nikisema, ndugu yangu atajua kwamba hakujipofusha mwenyewe, lakini atabaki gizani bila rafiki, na nyumba yangu itavunjika. Nikinyamaza, nitasimama kanisani niitikie amina, na nitamwita mtoto yule kwa jina lile maisha yangu yote. Ninawapenda wote wawili. Nishaurini, ndugu zangu, hasa ninyi mlio na kaka: nifanye nini?