Mkono wa Kushikia Magineti

Injini ya pikipiki ina gurudumu moja ambalo wengi wanaoipanda hawajawahi kuliona. Limekaa upande wa kushoto, nyuma ya kifuniko, limekazwa kwenye ncha ya shafti kwa nati moja kubwa. Sisi mafundi tunaliita magineti, kwa ajili ya sumaku zilizobandikwa ndani yake, lakini kazi yake kubwa ni uzito. Kama uliwahi kumtazama mtu akishona kwa cherehani ya kukanyaga, umeshaelewa. Mguu unasukuma, kisha gurudumu zito linaendelea kuzunguka lenyewe mpaka mguu urudi. Pistoni nayo ni hivyo hivyo. Inasukuma, inapumzika, na katika mapumziko hayo magineti ndiyo inayoibeba injini.

Kuifungua kunataka watu wawili. Ukizungusha nati, gurudumu nalo linazunguka pamoja nayo, na hufiki popote. Lazima mmoja ashike, mwingine afungue. Kwa miaka yote ya ufundi wangu hapa Gombani, aliyeshika alikuwa mke wangu.

Karakana yangu ni kibanda cha mabati ubavuni mwa nyumba. Kila nilipofika kwenye nati nilimwita, akatoka jikoni akijifuta mikono kwenye kanga, akaketi juu ya kigoda, akauzungusha mkanda wa mashine ya kusaga kwenye gurudumu na kukaza mguu kwenye injini.

"Haya fungua, wali wangu unaungua."

Mteja mmoja alimtania: "Kumbe na wewe Bi ni fundi?"

"Mimi si fundi," akamjibu. "Fundi ndo huyo. Mimi nashika tu, asije akazunguka yeye."

Kisha mama yake, kule Wingwi, akaanguka uani na kupooza upande mmoja. Mke wangu ndiye binti pekee aliyebaki kisiwani. Tulitaka kumleta mgonjwa kwetu, karibu na hospitali, akakataa katakata. Alisema nyumba aliyozalia wanawe ndiyo atakayotolewa akiwa maiti. Basi nikamwambia mke wangu aende, mama ni mmoja. Niliposema hivyo nilikuwa nawaza wiki chache. Msimu wa karafuu ukaja, majamvi yakatandikwa kila uwanja, yakakunjwa, na msimu mwingine ukakaribia.

Mtu wa mbali atauliza kwa nini sikumfuata. Kwetu mwanamume hahamii ukweni. Anakwenda, anapokewa, anakula, na kabla ya magharibi anaaga. Tena mama mkwe amelala chumba cha mbele, anaoshwa na kugeuzwa. Mkwe mwanamume ajiweke wapi? Kwa hiyo nilikuwa nikienda kila Ijumaa baada ya sala, nikikaa barazani, nikizungumza na mama kupitia dirisha, na jua likianza kuinama nikirudi peke yangu. Simu zipo, tulipigiana kila siku. Lakini simu haishiki gurudumu.

Mara ya kwanza kufungua magineti bila yeye, nilimwita. Mdomo ulitangulia akili. "Njoo ushike!" nikasema, na sauti yangu ikagonga mabati ikanirudia. Mwenye pikipiki alikuwa amekaa nje kwenye tairi kuukuu. Aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta kitu kwenye simu yake.

Hapo ndipo nilipotengeneza ule mkono. Ni rahisi, na wewe unaweza. Chukua vyuma viwili bapa, virefu kama mkono wa mtu, viunganishe kwa bolti moja vifunguke mfano wa mkasi. Kwenye ncha za mbele choma pini mbili nene zinazoingia katika matundu ya magineti. Shina la mkono unalikita chini, na gurudumu halisogei hata uvute namna gani. Wapo wanaochomeka bisibisi kwenye mapezi ya gurudumu. Usifanye hivyo, yatakatika. Mkono wangu ulikuwa imara, haukuchoka wala haukulalamika kuhusu wali. Nilipomaliza kuutumia niliutundika msumarini, na siku ya kwanza nilikaa nikiutazama mpaka chai ikapoa.

Nyumba ya mtu mmoja ina mambo yake. Nilinunua mikate miwili ya mofa kwa mazoea, mmoja ukakauka. Nilifagia upande mmoja tu wa ukumbi, ule ninaopita. Nikatafuta kazi ya kushughulisha mikono, na kazi yenye hatua nyingi ni mwenzi mzuri wa aliye peke yake. Nikaamua kuipunguza uzito magineti ya pikipiki yangu.

Sababu yangu ilikuwa hii. Gurudumu jepesi linapanda kasi upesi. Ukigusa moto, ule mshiko wa mafuta, injini inaitika pale pale. Nilijiambia nitafika Wingwi mapema, na kila dakika nitakayoiiba njiani nitaikaa barazani.

Sikuikata magineti yangu ya asili. Hilo nakuusia na wewe: kata ya akiba, ya asili iweke. Nilikuwa na injini mbovu ya aina ile ile, nikaifungua. Nati niliilegeza kwa ule mkono. Lakini nati ikitoka bado gurudumu halitoki, limeng'ang'ania shafti, na hapa ndipo wengi wanapochukua nyundo. Nyundo inapasua sumaku na kupinda shafti. Kinachotakiwa ni pula, kifaa chenye meno ya nje yanayoingia kwenye shingo ya magineti, na bolti ya katikati inayoisukuma shafti. Unakaza taratibu, unagonga kichwa cha bolti kidogo, unangoja. Ghafla linaachia, tap! Kiangalie kile kichuma kidogo mfano wa nusu mwezi kinacholifunga gurudumu kwenye shafti kisikupotee mchangani.

Kisha nikaipeleka magineti mjini Chake kwa rafiki yangu mwenye mashine ya kukereza chuma.

"Unataka kushindana na nani, mzee mzima?" akaniuliza.

"Na jua."

"Jua halijashindwa na ntu. Lete tuone."

Tulichonga kwanza kipande cha chuma chenye ncha kama ya shafti, ili magineti ikae juu yake kama ilivyokaa ndani ya injini. Bila hicho, itakatwa mshazari. Chuma huondolewa pembezoni, maana uzito ulio mbali na kitovu ndio wenye nguvu, lakini kuna kijinundu ukingoni kinachoiambia plagi wakati wa kuwaka. Hicho hakiguswi. Tulikata upande wa nyuma, kidogo kidogo, yeye akipuliza vumbi na kunitania. Mwisho tulikiegemeza kile kipande, na magineti yake, juu ya mapanga mawili ya msumeno yaliyonyooka, tukaangalia upande gani unaanguka chini, tukautoboa vitundu vidogo mpaka gurudumu likasimama popote tunapoliacha. Ilikuwa siku ya furaha, nakiri. Nilicheka na mtu mchana kutwa.

Nikaifunga kwenye injini yangu, na Ijumaa ile pikipiki ilikuwa kama imevuliwa mzigo. Kwenye lami niliruka. Nilifika Wingwi mapema kuliko siku zote, nikazima injini mbele ya baraza, nikasubiri.

Hakutoka mtu.

Kila Ijumaa nilikuwa nikimkuta mke wangu mlangoni, amejitanda, na buli la chai ya mdalasini limeshatua barazani. Sikuwahi kujiuliza anajuaje. Nilipiga hodi, nikamsikia mama kitandani.

"Nani huyo?"

"Mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. We ndo nani?"

"Mkweo."

Kisha akasema, "Umekuja na chombo cha nani?"

Mke wangu akaja mbio kutoka bandani, mikono ina majani ya mbuzi. Hapo ndipo nilipojua mambo yalivyokuwa. Mama, katika kulala kwake kutwa, alikuwa akiisikia pikipiki yangu tangu chini ya mlima, ikivuta polepole, *du, du, du*. Ndipo akimwambia binti yake: nkwe wangu huyo, teleka chai. Leo alisikia kitu kinapiga kelele kama nyuki, akadhani ni kijana anapita.

"Hatukujua kama ni wewe," mke wangu akasema. Alijaribu kucheka. "Hata chai sijateleka."

Kuna saa moja ya Ijumaa ambayo ni yetu wawili. Jirani anakaa na mama, nami nampakia mke wangu nyuma, amekaa upande na buibui lake amelikusanya mapajani, tunakwenda kununua dawa na vya jikoni. Njia ni mbaya, ya mawe na mashimo, kwa hiyo tunakwenda mwendo wa mtu atembeaye, naye ananisimulia wiki nzima karibu na sikio. Siku ile hakusimulia kitu. Gurudumu jepesi halina cha kuibeba injini kwenye mwendo mdogo. Nikipunguza, inazimika, nikiongeza, inaruka, naye anashika shati langu asianguke. Mlimani ilizimika mara ya tatu akateremka.

"Wacha nitembee."

"Panda, nitaizoea."

"Wewe utaizoea. Mimi nimekaa upande."

Akatangulia na mkoba wa dawa, mimi nikaisukuma nyuma yake. Niliuona mgongo wake ukipanda mlima, na ile saa yetu ikaisha hivyo.

Nilipoaga, mama aliniita dirishani.

"Mwanangu, kile chombo chako cha zamani kimekufa?"

"Hakijafa, mama. Nimebadilisha kitu tu."

"Basi kirejeshe. Tena kirejeshee hapa, nisikie mwenyewe. Mimi huku ndani sina saa wala sina njia. Nna ile sauti yako."

Wiki ile niliiona ndefu. Ijumaa iliyofuata nilitia kwenye mfuko magineti ya asili, pula na spana. Ule mkono niliuacha msumarini. Sikuusahau.

Nilifungua kifuniko pale uwanjani, karibu na dirisha. Nilipofika kwenye nati, niliinua kichwa, na kabla sijaita, mke wangu alikuwa ameshatoka na kigoda. Hatukuwa na mkanda. Alivua ukaya wake wa kazini, kile kitambaa cha kichwani, akausokota, akauzungusha, akakaza mguu.

"Fungua. Mama hajala."

Nati ikalia. Pula ikafanya kazi yake. Tukalitoa jepesi, tukalitia zito, nikakiweka kinusu mwezi mahali pake huku yeye akinielekeza kana kwamba ndiye aliyenifundisha. Nilipiga kiki. *Du, du, du.*

"Ndo huyo sasa," mama akasema kutoka ndani. "Huyo nkwe wangu." Akangoja nizime. "Nyinyi watu mnanipigia vyuma dirishani tangu adhuhuri. Kama ni kelele, basi zihamie zote. Pale penye banda la mbuzi pana paa."

Nilitazama chini. "Mama, watu watasema nimehamia ukweni."

"Watu hawanigeuzi kitandani. Anigeuzaye nkeo."

Mke wangu alikuwa akiukunjua ule ukaya wenye mafuta, hakunitazama. Nilijua kwamba neno lile lilikuwa la mama kulisema, si lake wala langu, na kwamba halitasemwa mara mbili. Hata hivyo jioni ile niliaga kama kawaida. Nilirudi Gombani, nikafungua mlango, nikasikia kufuli likigonga ubao katika nyumba tupu, na mkate wa mofa nilikuwa nimenunua mmoja tu.

Tangu siku hiyo kila Ijumaa napanda na kitu. Kwanza zilikwenda spana, kisha tupa na misumeno. Mbuzi wamesogezwa upande. Nimekwisha kuwaambia wateja wa hapa kwamba karakana inahamia Wingwi, nao wamenipa pole kama mtu aliyefiwa, kisha wakanitania. Usiku bado nalala huku, kwenye upande wangu mmoja uliofagiwa.

Ijumaa iliyopita nilifunga jiliwa langu la kubania vyuma nyuma ya pikipiki, chuma kizito kuliko mtu. Chini ya mlima wa Wingwi nilitia gia ya kwanza, nikaiacha ivute. Iliinamia kila shimo, ikapunguza, ikafikia mahali ambapo ile nyingine ingezimika, ikaendelea. Nilipofika katikati ya mlima, kabla sijaiona nyumba, niliona moshi wa jikoni unapanda juu ya mikarafuu.