Justina na Mtani wa Kujitangaza

Justina, mjukuu wa Mzee Mabula, alikuwa na miguu mirefu kuliko darasa zima la tano, na kwa kosa hilo Kalisti akampa jina la Korongo. Ilikuwa mwaka wa sabini na nne, kijijini kwetu karibu na Ushirombo. Mimi nilikaa naye dawati moja, kwa hiyo niliyaona yote. Hasira zangu hazijaisha mpaka leo, ingawa kila nikisimulia nashindwa kumaliza bila kucheka.

Watoto tulikuwa na maneno yetu. Ukipigwa ngwala, umechokozwa. Kundi zima likikuimbia jina baya, umezomewa. Ukinyang'anywa chakula na mtu anayekuzidi nguvu, hapo umeonewa, na hilo ndilo lililotuuma zaidi. Lakini ukimweleza mwalimu, umesemea, na mtoto aliyesemea hakupata wa kucheza naye rede. Basi tukaonewa kimya kimya.

Kila mapumziko Kalisti alichukua matobolwa ya Justina, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, akayatafuna mbele yake huku akirukaruka kwa mguu mmoja. Wenzake walicheka mpaka wakagaagaa. Siku moja Justina akaniambia, "Febronia, likizo ikifika sirudi tena. Bora nikapalilie pamba na mama."

Nikaona giza. Kwenye dawati letu, aliyejua hesabu za sehemu alikuwa yeye peke yake.

Nikasemea. Rede na iende zake. Mwalimu Ansgar, mtu wa Songea, akachukua fimbo, akamwita Kalisti. Mjanja yule hakubabaika hata kidogo.

"Mwalimu, simwonei. Ukoo wetu na ukoo wa Mzee Mabula ni watani tangu enzi za mababu."

Mwalimu akaishusha fimbo. Hata kwao Songea utani haukuchezewa: mtani anakutukana, anakula chakula chako, nawe huna ruhusa ya kununa. "Kama ni utani, mimi sina kesi," akasema. Nilitamani kumng'ata mmoja wao, yeyote.

Kabla ya likizo Mzee Mabula akafariki, mzee wa umri mkubwa aliyeshiba wajukuu. Kumzika mzee kama huyo bila mtani ilikuwa aibu. Mtani ndiye anayevaa nguo za marehemu na kumwigiza alivyotembea na alivyogomba, ili waliofiwa wacheke kidogo katikati ya kilio. Watani wa kweli wa ukoo ule walikuwa wamehamia upande wa Geita, wasingewahi. Wazee wakabaki wanakuna vichwa.

Justina akafuta machozi. "Yupo mmoja shuleni," akasema. "Amejitangaza mwenyewe mbele ya mwalimu."

Baba yake mdogo, Thobias, akadandia baiskeli. Haikupita muda tukamwona Kalisti anapelekwa msibani kwenye keria, uso umempauka. Mwalimu akaturuhusu darasa zima tufuate na ndoo za maji na kuni za msiba. Sijawahi kubeba kuni kwa furaha namna ile.

Wakamvalisha koti la marehemu, likamfika magotini. Kofia ikamfunika macho. Wakampa na fimbo, wakamsimamisha katikati ya uwanja, watu wote wakimtazama. Kalisti akaikumbatia fimbo, akasimama wima.

"Huyu ni mtani au mlingoti wa bendera?" mama mmoja akauliza.

Justina akamsogelea, akamnong'oneza: "Babu alikuwa anaburuta mguu wa kushoto. Mbuzi wakiingia shambani alikuwa anawatukana kwa Kisumbwa."

Kalisti akaburuta mguu. Akawafokea mbuzi wasiokuwepo, kofia ikadondoka, akainama kuiokota huku akiguna, na jamani, alikuwa Mzee Mabula mtupu. Bibi Nyamizi, mjane wa marehemu, hakuwa ametamka neno tangu jana yake. Aliangua kicheko mpaka akashika mbavu, kisha akalia, kisha akacheka tena. Msiba mzima ukamfuata. Na mimi niliyemchukia Kalisti nilicheka mpaka nikakalia ndoo ya maji.

Jumatatu yake Justina aliwahi namba ya asubuhi shuleni, wa kwanza kabisa. Habari za kwenda kupalilia pamba hakuzitaja tena. Kalisti alikuwa akimngoja penye kengele, akichora chini kwa kidole cha mguu.

"Justina, nilidanganya," akasema. "Sisi si watani wenu."

"Najua," Justina akamjibu. "Hata bibi anajua. Lakini babu umeshamwigiza, kwa hiyo mtani umeshakuwa. Na wazee wetu bado wapo wengi, Kalisti, na wote wanakohoa."