Kimo cha Kupandia Gurudumu

Mimi ni mfupi. Siku niliyohitimu chuo kikuu, joho nililoazima lilifagia vumbi la uwanja mzima, na mpiga picha akanisimamisha juu ya kreti ya soda bila hata kuniuliza. Sikumlaumu. Nimekuwa nikisimamishwa juu ya vitu tangu utoto, na leo naweza kuukagua ufupi wangu kwa utulivu, kama mtu anayekagua shamba la jirani. Lakini kuna mwaka mmoja ambao utulivu huo sikuwa nao kabisa.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Upande wetu wa Giakanja watoto wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na mwalimu wa darasa la kwanza hakuwa na njia ya kujua nani ametimiza umri wa kuanza shule. Alichofanya ni kukuamuru upitishe mkono wa kulia juu ya kichwa na kushika sikio la kushoto. Ukilishika, umeingia. Usipolishika, unarudi nyumbani kuchunga mbuzi mpaka Januari nyingine.

Januari yangu ilipofika mama alinipeleka shuleni, na dada yangu akaja nasi kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumwachia. Dada huyo nimemtangulia kuzaliwa kwa mwaka mmoja. Nilipitisha mkono. Vidole vyangu viliishia kwenye nywele, juu kidogo ya sikio, vikabaki hapo vikitapatapa kama buibui aliyepotea. Mwalimu alikuwa anageuka aendelee na mwingine alipomwona dada yangu, ambaye kwa kuniiga tu alikuwa ameshalikamata sikio lake lote, mpaka ndewe.

"Na huyu?" mwalimu aliuliza.

"Huyo ni mdogo wake," mama akasema.

"Basi mdogo aingie, mkubwa angoje."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka mzima. Asubuhi yeye alienda shuleni na mimi nikaenda na mbuzi. Jioni alirudi anajua kuhesabu, akawahesabu mbuzi wangu, na kama mmoja alikuwa amekwenda kujisaidia nyuma ya kichaka aliniambia amepotea. Wageni waliokuja nyumbani walimuuliza yeye kama mimi ndiye mdogo wake, na yeye, kwa adabu, alisema hapana.

Nilifanya mazoezi. Niligundua kwamba ukilaza kichwa upande wa kulia na kulipandisha bega la kushoto, sikio linasogea karibu na vidole. Kufikia mavuno nililigusa kwa ncha ya kidole cha kati. Mama aliona, akasema, "Ehe, sasa wewe ni wa shule." Nilitembea na sentensi hiyo kama mtu aliyepewa cheo. Kwa hiyo tuliposikia kwamba kwenye maonyesho ya kilimo ya Nyeri kutakuwa na gurudumu la viti linalozunguka mpaka juu, la kupandwa na watoto wakubwa, nilijua siku yangu ya kulingana na dada yangu imefika. Kuingia shule pamoja naye nilikuwa nimekosa. Gurudumu singelikosa.

Mama alikwenda kwenye maonyesho na kikundi chake cha akina mama, ambao walikuwa wanashindanisha kabichi. Alituahidi kwamba waamuzi wakishapita mezani atatupeleka. Waamuzi walizitazama zile kabichi kwa muda ambao mpaka leo nauona kuwa wa kupita kiasi kwa kabichi. Hatimaye wakaenda, mama akajitanda leso vizuri, akachukua kiondo chake cha mkonge na mwavuli, akatukatia tikiti mbili.

Gurudumu lilifungwa pembeni ya uwanja, mbali na ng'ombe ili wasishtuke. Lilizungushwa na injini ya dizeli iliyokohoa kuliko kunguruma. Viti vilikuwa vya watu wawili wawili, vimening'inia, na kila kimoja kilikuwa na chuma cha kufungia mbele ya tumbo. Mwendeshaji alikuwa mtu wa Majengo, mtaa wa Waislamu mjini, wa makamo, mwenye kofia nyeupe iliyofumwa na ovaroli iliyojaa grisi. Kofia ile haikuwa na doa hata moja, na nilishangaa anafanyaje. Pale penye lango alikuwa amesimika ubao wenye mstari mwekundu. Kila mtoto alisimama penye ubao, yeye akamlaza kiganja kichwani, akasema "Pita" au "Kaa kando."

Dada yangu alisimama. Kiganja kikapita juu ya mstari. "Pita."

Nikasimama mimi. Hakuna aliyekuwa ameniambia kipimo hiki kinafanyaje kazi, na katika maisha yangu nilikuwa nimepimwa kwa namna moja tu. Basi nilipitisha mkono juu ya kichwa, nikalaza kichwa, nikapandisha bega, nikashika sikio. Kwa ustadi niliojifunza kwa miezi mingi nilijipunguzia kimo mbele ya mtu aliyekuwa anapima kimo.

Mwendeshaji alinitazama. "Kijana, sikio linauma?"

Watu kwenye foleni walicheka. Mama hakucheka. Yeye alielewa ninachofanya, na tena alikiona kuwa ushahidi. Alikuwa na Kiswahili cha sokoni, alichojifunza kwa kuuza viazi, nacho alikitumia bila woga.

"Baba, si unaona ameshika sikio? Hii mtoto iko tayari. Shule itamchukua Januari."

"Mama, samahani, mimi sipimi masikio."

"Lakini shule inapima."

"Shule haipandi juu, mama. Mtoto akiteleza pale kwenye dawati anaangukia sakafuni, anajipangusa." Aliuinua mkono wangu taratibu, akaurudisha ubavuni, akanisimamisha wima kama nguzo na kunipima upya. Kiganja kilikuja chini ya mstari. Hakikuwa karibu. "Kaa kando, kijana wangu."

"Huyu ndiye mkubwa," mama akasema. "Yule umepitisha ni mdogo yake. Nimewazaa mimi, mimi ndiye najua."

"Sibishani na uzazi wako, mama."

"Basi mimi nitapanda na yeye. Nitamshika."

"Wote husema watashika. Chuma ndicho kinashika. Huyu chuma kitampita."

Nyuma yetu kijana mmoja mwenye nywele zilizochanwa juu kama mwavuli alisema, "Mama, mrudishe akanywe uji, tunachoka." Mwingine akasema wanitafutie tofali. Mama aligeuka akawaangalia, wakanyamaza. Alikuwa mwanamke ambaye hakuwahi kushindwa kubishana na mtu yeyote, si na karani wa kahawa, si na mzee wa kanisa, si na baba yangu aliporudi mwisho wa mwezi kutoka Sagana alikofanya kazi. Nilitulia nikingoja mtu wa Majengo ashindwe.

Hakushindwa. Hakupaza sauti wala hakutumia maneno makali. Alibaki amesimama kando ya ubao wake na kusema tena, "Samahani, mama." Kisha akaongeza, "Na huyu msichana hapandi peke yake. Kiti ni cha wawili. Kama hana mwenzake, panda naye wewe."

Hapo matumaini yangu yalirudi kwa njia nyingine. Kama mvulana yeyote wa kijiji chetu, nilijua mambo kama haya huishaje: mvulana akikosa, msichana naye anaambiwa twende nyumbani, asije akamwumiza mwenzake moyo. Dada yangu pia alijua. Alikuwa ameshaanza kurudi kutoka kwenye lango, bila kulalamika, akiitazama ile miguu yake mirefu kana kwamba imemponza.

Mama alimtazama. Akanitazama mimi. Halafu akanipa kiondo na mwavuli.

"Shika hivi. Usiondoke hapo ulipo."

Akapanda na dada yangu, kwa tikiti yangu.

Nimesoma vitabu vingi tangu siku hiyo, vingine juu ya haki, na nimekaa kwenye mikutano ambamo jambo hilo lilijadiliwa na watu wenye shahada nyingi, mimi nikiwa mmojawapo. Sijaona likifanywa kwa usafi kama ule. Lakini wakati ule sikustaajabia chochote. Nililia ndani ya kiondo.

Nilipoinua uso, kiti chao kilikuwa juu kabisa. Injini ilikuwa imepunguzwa ili watu wengine wapande, na gurudumu lilisimama. Kutoka chini niliona nyayo za viatu vya kanisani vya mama, zimebanwa pamoja, na juu yake leso ikipepea. Wenzake wa kabichi walikuwa wamekuja. Mmoja aliuliza, "Yule si mama fulani?" Mwingine akajibu haiwezekani, yule ni mtu wa heshima. Mwendeshaji alisogea akasimama karibu nami, mkono mmoja kwenye mtambo, mpaka gurudumu likaanza tena.

Waliposhuka, mama alinyoosha sketi yake, akapokea kiondo, akaona kimelowa na hakuuliza. Alimwendea mwendeshaji. Akina mama walisogea kusikiliza, kwa sababu walimjua na walitarajia ugomvi ule uendelee.

"Baba," alisema, "hiyo chuma nimeitazama. Kwa huyu msichana inakaa hapa, kwa tumbo. Kwa yule ingekaa hapa." Aligusa koo lake. "Angeteleza chini yake, na mimi nilikuwa nimeshika na mikono mbili hicho kiti. Singemshika. Ulisema kweli."

"Nashukuru, mama."

"Mimi nilibishana bure."

"Mama yeyote angebishana."

Mama alikiri hayo mbele ya kikundi chake chote, kwa sauti ile ile aliyobishania, hakuipunguza. Mmoja wa wale wanawake alikohoa, na mazungumzo yakarudi kwenye kabichi.

Njiani kurudi Giakanja dada yangu hakuweza kujizuia. "Unajua nimeona nini kule juu? Kumbe ukiwa kule unaona..."

"Nyamaza," mama alimwambia. "Usimwambie. Ataona mwenyewe."

Dada yangu alikuwa mtoto wa kusema kila kitu. Alisema niliyoyafanya machungani na niliyokusudia kuyafanya. Lakini hilo hakulisema, ingawa nilimbembeleza, nikamtishia, na Januari, nilipoingia darasa la kwanza yeye akiwa la pili, nikajaribu kumhonga kwa muwa.

Gurudumu lilirudi Nyeri baada ya miaka miwili. Mwendeshaji alikuwa yule yule, na kofia yake ilikuwa bado safi. Alinitupia jicho tu, akaniashiria nipite. Sikukubali. Nilimwambia anipime. Akacheka kidogo, akalaza kiganja kichwani pangu mbele ya foleni yote, nikahisi kikitua, wala sikujiinua kwa vidole vya miguu. "Pita," akasema, na mimi na dada yangu tukakaa, chuma kikafungwa tumboni.

Tulifika juu, gurudumu likasimama. Kiti kiliyumba, na upepo wa mlimani ukaingia ndani ya shati.

"Unaona?" dada yangu aliuliza.

Nilisema ndiyo.

"Umefumba macho."

Nilisema nayapumzisha.

"Mama hakuyafumba," akasema.

Nikayafumbua.