Sumu Isiyo na Harufu

Mtaani Kibokoni, katika mji wa kisiwani, Kamaludin alijulikana kwa kinyaa chake kabla ya kujulikana kwa jambo jingine lolote. Alipokuwa mdogo, nzi akipita juu ya uji wake, hata asitue, uji ule ulikuwa si wake tena. Arusini hakula sinia moja na wenzake. Kuona vidole vya watu watano vikikutana kwenye mchuzi kulimshibisha papo hapo. Mamake aliigeuza aibu hiyo kuwa faida. Akiletewa samaki wa wasiwasi husema, "Mpeni Kamal anuse," na Kamal akikunja uso, samaki huyo ni wa paka.

Basi alipopata kazi katika maabara ya serikali, vita vikuu vilipokwisha, majirani walicheka hadi wakajifuta machozi. Maabara yenyewe ilikuwa vyumba viwili upande wa bandarini, na kila kilichoshukiwa kuwa na sumu kililetwa humo: unga ulioingia funza, samaki wa kopo waliofura, matumbo ya mbuzi waliokufa ghafla, matapishi ya watu ndani ya mitungi ya kioo. Kazi ya Kamaludin ilikuwa kuvifungua vitu hivyo, kuvikatakata na kuvichemsha katika tindikali mpaka viwe maji. Siku za mwanzo alikuwa nje ukutani, ameinama, zaidi ya alivyokuwa ndani.

Mwenziwe pale alikuwa Dishon Oloo, mtu wa bara, kutoka upande wa Kisumu, aliyekata maini huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya puani. Alimpa Kamaludin kipande cha ndimu ashike puani, akamwambia, "Tumbo la mbuzi lisikutishe, ndugu yangu. Lako nalo liko hivyo hivyo."

Maneno hayo hayakumsaidia, ila ndimu ilimsaidia. Alidumu.

Dada yake, Mwanakuu, alikuwa mjane aliyeishi nyumba ya pili kutoka kwake. Alishona kofia, na kofia zake zilivaliwa na masharifu. Vitundu alivyovitoboa kwa sindano vilikuwa vidogo, vimepangika kama vimechapwa na mashine. Mtaa wao ulikuwa na visima viwili. Kimoja kilikuwa nyuma ya vyoo vya zamani, maji yake ya chumvichumvi, na siku za joto kilitoa harufu ya yai viza. Cha pili kilikuwa kando ya godauni la ngozi la Badawi, tajiri wa mtaa. Babake Badawi ndiye aliyekichimba kiwe sadaka, na maji yake yalikuwa meupe, matamu, hayana harufu hata chembe. Kamaludin mwenyewe ndiye aliyemkataza dadake kile cha kwanza. "Mwanakuu, yale si maji, ni mkojo wa mababu," alimwambia. "Teka kwa Badawi."

Mvua za masika za mwaka wa arubaini na saba zilipokatika, Mwanakuu alianza kutapika. Likapita, likarudi. Kisha viganja vyake vikawa vigumu, vikaota vipele vya ngozi kama punje za mtama zilizofichwa chini, na mgongoni madoa meusi yakamtoka, mfano wa matone ya mvua juu ya vumbi. Vidole vilimfa ganzi hata akawa anajichoma sindano asijue, mpaka aone damu kwenye kofia. Jirani yake, Sheikha, naye akashikwa na wanawe wawili. Watu wakasema ni hasad, jicho la husuda, wengine wakasema ni jini aliyetoka kwenye gofu la jirani. Mwanakuu akaandikiwa kombe, aya za Mungu kwa zafarani juu ya sahani, zikaoshwa, akanywa. Zilioshwa kwa maji ya kisima cha Badawi, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa safi.

Kamaludin alipoviona viganja vile alishtuka. Alikuwa ameona ngozi ya namna hiyo katika picha za kitabu kimoja cha maabara. Asubuhi alikwenda kwenye kisima kinachonuka, akafunga pua kwa kitambaa, akajaza chupa, akaipeleka kazini.

"Hii hapa sumu yetu," akamwambia Dishon.

Kipimo chenyewe hakikuwa kigumu. Maji hutiwa chupani pamoja na tindikali na vipande vya zinki, yakatoa povu. Hewa inayotoka hupanda hadi kwenye kijikaratasi kilichochovywa katika dawa ya zebaki. Maji yakiwa hayana ile sumu iitwayo aseniki, karatasi hubaki nyeupe. Yakiwa nayo, karatasi hugeuka manjano, na ikizidi huwa kahawia. Wakangoja. Povu likapanda, likashuka, karatasi ikabaki nyeupe kama ilivyotoka paketini.

"Maji machafu, hilo kweli," alisema Dishon. "Lakini hayana aseniki. Hamna kisima kingine?"

"Kipo, lakini kile hakina kitu. Maji yake nayanywa mimi mwenyewe."

"Kalete."

Kamaludin alikwenda shingo upande. Akaleta maji ya kisima cha Badawi, akayainua kwenye mwanga wa dirisha. Ungeweza kusoma gazeti kupitia chupa ile. Wakayatia tindikali. Karatasi ikaanza kuwa manjano pembeni. Ikasambaa. Kisha mbele ya macho yao ikawa kahawia, rangi ya kahawa iliyokaangwa.

Dishon aliacha kuimba. Kamaludin alitoka nje hadi ukutani, akainama pale pale alipoinama siku zake za kwanza. Safari hii alitapika bila ya kunusa chochote. Maji yale aliyanywa asubuhi hiyo, aliyatilia udhu, na ndiyo aliyoyapigia chapuo mtaa mzima.

Mkuu wa maabara, Bwana Hallam, Mzungu mkimya mwenye kukohoa, aliwaamrisha wapime tena, wakapima, rangi ikawa ile ile. Ndipo wakaenda wote watatu kwenye godauni.

Ukiingia mle, harufu ilikupokea kabla ya mwenye nyumba: mafuta yaliyovunda, chumvi, nywele mbichi, damu kuukuu. Ngozi za ng'ombe kutoka bara zilipangwa mpaka darini, zikingoja meli. Uani palikuwa na birika la saruji lililojaa maji ya rangi ya maziwa yaliyochanganywa na majivu. Humo ndimo ngozi zilimotoswa, zisiliwe na wadudu safarini. Aliyekuwa akizigeuza kwa mti alikuwa Jaffar, kibarua wa Majengo, mtu wa makamo, amevaa shuka tu, miguu mitupu. Kucha zake zilikuwa zimeng'oka. Ngozi ya viganja vyake ilikuwa imepasuka kama matope ya kiangazi, na ndani ya nyufa palikuwa pabichi.

"Maji haya yakichafuka mwayamwaga wapi?" Kamaludin akamuuliza.

Jaffar akaonyesha kwa kidevu. Nyuma ya ukuta palikuwa na shimo. Na upande wa pili wa shimo hilo, karibu kiasi kwamba mtu angeweza kurusha embe na kumpata mtekaji, palikuwa na kisima cha sadaka.

Badawi akatoka kuwalaki. Kanzu yake imepigwa pasi, ndevu zimechanwa, ananukia udi. "Karibuni, karibuni! Kamal mwanangu, mama hajambo? Mwanakuu je? Nimesikia yuwaumwa, masikini. Kaeni, leteni kahawa hapo!"

Bwana Hallam alikwenda kuchukua maji ya birika pamoja na Dishon. Kamaludin alikaa, akapewa kikombe. "Ami Badawi," alisema, "mwatia nini birikani?"

"Dawa, mwanangu. Dawa ya wadudu. Bila hiyo ngozi zafika Ulaya zimekuwa chujio."

"Dawa hii imeingia kisimani."

Badawi alicheka kidogo, cheko la kumstahi mtoto wa watu. "Itaingiaje? Mimi nimechimba shimo. Yakizama, yamekwenda na ardhi. Ardhi yameza kila kitu."

Wakati huo hamali, akitoka bomba la barabarani, akapita kati yao na mzega begani, madebe mawili yakining'inia, akaingia ndani ya nyumba ya Badawi iliyopakana na godauni. Sauti ya maji yakimiminwa mtungini ikasikika. Akatoka na madebe matupu, akijifuta jasho.

"Ami, yale ni maji ya nini?" Kamaludin aliuliza.

"Ya nyumba."

"Ya kunywa?"

"Ya kunywa, ya kupikia. Kwani vipi?"

"Kisima cha babako kiko mlangoni kwako, na wewe waletewa maji ya bomba?"

Badawi akakipangusa kikombe chake kwa kidole. "Watoto wa siku hizi wameyazoea ya bomba."

"Wameyazoea tangu lini?"

Hamali yule hakuwa na habari ya lolote, alidhani anaulizwa yeye, akajibu kwa adabu: "Tangu mwaka jana, bwana. Tangu birika hili lijengwe."

Badawi hakumtazama hamali, wala hakumtazama Kamaludin; alitazama viatu vyake. Kamaludin alikuwa na kahawa mdomoni. Alijua kuwa ile ndiyo kahawa safi kuliko zote mtaani siku ile, imepikwa kwa maji yasiyo na doa. Haikupita. Miaka yote hiyo alidhani kinyaa ni mambo ya pua na ulimi, mambo ya nzi na mate ya watu. Hakujua kwamba mtu aliyeoga, aliyefukizwa udi, anaweza kukutia kichefuchefu kuliko mtungi wa matapishi. Aliinuka, akaitema kahawa kwenye shimo nyuma ya ukuta, akarudisha kikombe siniani.

"Mwanakuu ashona kofia yako ya Idd," alisema. "Vidole vyake havina hisia tena."

"Mungu atamponya," alisema Badawi.

Amri ya serikali ikatoka. Kisima kikafunikwa kwa zege, na Badawi akaambiwa alibomoe birika, asiweke jingine kisiwani. Basi. Hakuna aliyemshika hata ukosi wa kanzu. Na mtaa nao haukumshukuru Kamaludin, kwa maana Badawi ndiye aliyeezeka madrasa upya, na Badawi ndiye aliyezika maskini. Mumewe Sheikha, ambaye wanawe walikuwa bado wanatapika, alimsimamisha njiani.

"Umetuletea Mzungu akatufungia sadaka," alisema. "Tunywe nini sasa?"

"Ya bomba. Badawi alianza zamani kuyanywa."

"Wewe una husuda tu."

Asubuhi moja alikuta matumbo ya samaki yamemwagwa kizingitini, yameoza, yanachezwa na nzi. Mamake alikwenda kuita mtu wa kufagia. Aliporudi, Kamaludin alikuwa amekwisha kuyazoa kwa mikono yake, na jiwe la kizingiti amelisugua likawa jeupe. "Haya si kitu, mama," alisema. "Haya yaonekana."

Wagonjwa wakapata nafuu, polepole. Wana wa Sheikha wakarudi kucheza. Mwanakuu aliacha kutapika, lakini vidole havikumrudia. Sindano ikawa yamponyoka. Ilipofika Idd, Badawi alimpelekea halwa, sahani ya shaba imefunikwa kitambaa cha hariri, imebebwa na mjakazi wake wa jikoni. Mwanakuu alisimama mlangoni, mikono yake ndani ya buibui.

"Rudi nayo," alisema. "Mwambie sina mikono ya kuipokelea."

Yule mwanamke akataka kuiweka kizingitini.

"Hata hapo usiweke. Rudi nayo kama ulivyokuja, na upite njia ya msikitini, watu waione."

Jaffar naye alifukuzwa kazi birika lilipobomolewa. Kamaludin alimtafuta Majengo, akamkuta amelala juu ya mkeka, mikono imefungwa matambara. Ndiye aliyempa habari: birika jingine litavukishwa feri, Badawi amekodi uwanja Likoni, ng'ambo, karibu na kisima cha watu. Kamaludin alihisi kile kichefuchefu kikimpanda tena. Hakwenda ukutani. Alikwenda kwa Dishon.

Walivuka kwenda Likoni Ijumaa baada ya sala, Dishon amebeba chupa, Jaffar anajikongoja nyuma yao kwa hiari yake. Walichota maji ya kisima kile na kuyapima pale pale kivulini, watu wamewazunguka. Karatasi ikabaki nyeupe. Kamaludin akaweka kando yake ile ya kahawia aliyoihifadhi.

"Hii ni ya kwenu leo," alisema. "Hii ni ya kwetu. Maji ya kwetu yalikuwa mazuri kama haya, hayana harufu, hayana ladha mbaya. Msingoje yanuke. Hayatanuka."

Mzee mmoja akasema Waswahili wa mjini wanapenda kuwatisha watu kwa karatasi. Jaffar akasogea mbele. Alikaa chini, akafungua matambara, akaiweka mikono yake juu ya magoti. Wanawake waliokuwa mbele walirudi nyuma hatua, mmoja akajiziba mdomo kwa leso. Yule mzee aliitazama mikono ile, kisha akamtuma mtu aende akamwite mwenye uwanja aliomkodisha Badawi.

Lori la Badawi lilishuka kutoka kwenye feri juma lililofuata, na birika jipya la bati nyuma. Lilikuta njia imezibwa na watu na magogo ya minazi. Dereva alipiga honi, akabembeleza, akatukana, mwisho akageuza. Birika likarudi kisiwani juu ya feri ile ile iliyolileta, na abiria wakisogea mbali nalo.

Badawi aliachana na ngozi, akaingia biashara ya mbata, nazi kavu za kukamuliwa mafuta. Jaffar alifariki mwaka uliofuata, kidonda cha kiganja kikiwa kimegeuka uvimbe wa saratani. Kamaludin alikwenda Majengo, akaomba awe mmoja wa waosha maiti. Aliiosha ile mikono mwenyewe, kidole kwa kidole, kwa maji ya bomba aliyoyabeba kutoka mjini.