Sufuria Zilizochovywa Ziwani

Ninapika katika nyumba ya wanafunzi hapa Nyakabiga, mjini Bujumbura, karibu na chuo kikuu. Jikoni tuko wawili. Mwenzangu ni Mkristo, alinitangulia kazini, na kila Jumapili huwakaangia wanafunzi kabenzi, nyama ya nguruwe ambayo harufu yake huwatoa vitandani hata waliokesha wakisoma. Mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa mtaa wa Buyenzi. Sufuria zangu hukaa upande wa dirisha, zake upande wa mlango, na jambo hilo halijawahi kutugombanisha.

Asubuhi moja mkurugenzi wetu, mwalimu mstaafu asiyependa maneno mengi, aliingia akitutafuta.

"Kuna msichana anakuja kutoka Ubelgiji," alisema. "Atafanya staji, mazoezi ya kazi ya udaktari, hospitalini Kamenge, atakaa nasi mwaka mzima. Ni Myahudi, na chakula chake kina masharti."

"Masharti gani?" niliuliza.

"Atawaeleza mwenyewe. Nimekufikiria wewe, maana mambo ya hiki kinaliwa na hiki hakiliwi umeyazoea."

Alipotoka, mwenzangu aliweka kisu chini. "Tayari tuko na dini mbili mu jiko moja. Ya tatu itakaa wapi?"

Msichana alifika na mkoba mgongoni, miwani imejaa jasho. Kabla ya kuonyeshwa kitanda aliomba kuonyeshwa jiko. Alizungumza Kifaransa polepole ili nimfuate. Nyama hangekula kabisa, kwa sababu Bujumbura hakukuwa na Myahudi wa kuchinja kwa sheria yao, sheria ambayo pia hukataza nyama kuchanganywa na maziwa. Samaki angekula, ila awe na mapezi na magamba, na magamba ayaone kwa macho yake. Mboga, mayai, matunda na maharagwe havikuwa na taabu. Lakini chombo kilichopikiwa nguruwe, au hata nyama yangu mimi iliyochinjwa kwa bismillahi, hakingeweza kupika chakula chake.

Lile la nyama yangu lilinichoma kidogo, sikatai. Nilidhani sisi wawili tungekuwa upande mmoja.

Tulikwenda sokoni akanunua sufuria mbili, kikaango, visu na vijiko, vyote vipya. Nikafikiri kazi imekwisha. Jumapili yake akasema lazima vipelekwe ziwani kwanza. Mwenzangu alikuja nasi, kwa udadisi zaidi kuliko kwa msaada. Tulishuka mpaka ufukweni, mahali ambapo akina mama walikuwa wakifua nguo na vijana wakiogelea. Msichana akabandua kila karatasi ya dukani, akasugua gundi kwa kucha, akakunja suruali, akaingia mpaka magotini. Alisema maneno machache ya Kiebrania, kisha akaanza kuzamisha chombo kimoja kimoja, akikiachia ili maji yakizunguke chote kabla ya kukidaka tena.

"We!" mwenzangu alimwita. "Sufuria ni mapya. Unayaosha mu maji ambamo watu wanaoga?"

"Apana, mama," alijibu, kwa Kiswahili alichokuwa amekwisha kuokota. "Si kuosha."

"Basi ni nini?"

Alifikiri, kijiko mkononi. "Ni kama... kuyakaribisha nyumbani."

Mwanamke mmoja aliyekuwa akifua karibu nasi alicheka, akauliza kama na mume wake angeweza kuletwa achovywe. Tukacheka wote, isipokuwa mwenzangu. Njiani alinibana mkono: "Hii mutoto anatuona sisi ni wachafu."

Tulimpa kona ya stoo ya makaa. Niliipaka chokaa, fundi wa Cibitoke akatutengenezea rafu, nasi tukaweka mbabula, jiko dogo la makaa, ya peke yake. Hapo nikajifunza sharti jingine: mimi naweza kupika, lakini moto auwashe yeye, ndipo chakula kihesabiwe ni cha mkono wa Myahudi. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kwenda hospitalini aliinama mbele ya mbabula, akapuliza makaa mpaka macho yakatoka machozi. Siku za kwanza moto ulimkatalia. Nilimwonyesha jinsi ya kupanga makaa madogo chini na kuacha tundu la hewa, mikono yangu nimeiweka mgongoni kama mwalimu, kwa sababu nilitamani sana kuuwasha mwenyewe tumalize.

Muuza samaki naye nilimpa cha kusimulia. "Wengine wote wananiambia nitoe magamba," alisema, mukeke mkononi. "We unataka nikuachie?"

"Niachie. Kuna mtu anataka kuyaona."

Mambo yakaenda hivyo kwa miezi. Nilizoea kiasi kwamba jioni nilijikuta nikimsimulia mume wangu magamba na moto kana kwamba ni mambo ya kwetu.

Kisha ikaja sherehe ya mahafali. Nyumba ilijaa wazazi, jiko likachafuka, na mimi nilikuwa nje nikipakua wali. Niliporudi nilimkuta mwenzangu amesimama katikati ya jiko, mwiko mkononi, uso umemshuka.

"Nimekoroga kabenzi na mwiko ya mutoto," alisema.

Nilitazama. Ulikuwa mwiko wa mbao kutoka kwenye rafu yake. Katika haraka ile aliunyakua bila kuangalia.

"Na sufuria yake?"

"Apana, sufuria sikugusa. Ni mwiko tu."

Sote wawili tulijua kwamba mwiko ungeweza kuoshwa, ukarudishwa, na hakuna ambaye angejua. Mimi sikusema hivyo, naye hakusema. Lakini nilimwona akiutazama mfereji wa maji, kisha akautazama mlango.

Msichana aliporudi kutoka hospitalini, mwenzangu alimfuata uani kabla hajavua viatu. Nilisimama mlangoni nikasikia.

"Mutoto wangu, nimekukosea. Nimetia mwiko yako mu nguruwe. Haikuwa kusudi, lakini nimetia."

Msichana alikaa kwenye ngazi. Alikuwa amechoka. Nilidhani angekasirika, au angeleta ile adabu ya wageni ambayo ni baridi kuliko hasira. Akamshika mkono.

"Asante kuniambia, mama. Ningekula bila kujua."

"Sasa tutafanya nini? Tuupeleke ziwani tena?"

Msichana akacheka mpaka akaegemea ukuta. Akaeleza kwamba ziwa halisaidii nguruwe. Afadhali mwiko ule ubaki wa mwenzangu moja kwa moja, naye atanunua mwingine. Mwenzangu hakukubali. Kesho yake alikwenda sokoni mwenyewe akarudi na miwiko miwili mizuri.

Tangu siku hiyo hakuna aliyeilinda kona ile kama yeye. Aliifungia pazia. Siku moja mkurugenzi aliingia akitafuta kijiko cha kukorogea chai ya maziwa, akanyoosha mkono kwenye rafu. "Apana! Apana!" Sauti ilisikika mpaka barabarani. Mkurugenzi wa watu akarudi nyuma, kikombe kikimwagika.

Jumamosi, Sabato yake, msichana hakuwasha moto wala hakupanda gari. Profesa wake alimruhusu afanye zamu Jumapili. Kwa hiyo Ijumaa, nikirudi kutoka msikitini, nilimkuta amekwisha kupanga chungu cha maharagwe, viazi na mayai mazima juu ya makaa, majivu yamefunika ili moto ulale bila kuzimika. Jua lilipokaribia kuzama aliwasha mishumaa miwili. Chungu kilifunguliwa Jumamosi mchana, maharagwe yamekuwa mekundu mazito, mayai yamegeuka rangi ya udongo. Wanafunzi walianza kwa kuonja. Baadaye ilibidi tununue chungu kikubwa zaidi. Ndiyo, kilipelekwa ziwani kwanza, na safari hii mwenzangu ndiye aliyebandua karatasi.

Karibu na mwisho wa mwaka mama yake alikuja kumtembelea. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye sanduku lililojaa makopo ya tuna, supu za unga na biskuti, kwa sababu hakuamini kwamba binti yake anakula. Aliingia kwenye kona yetu, akainua vifuniko, akanusa miwiko. Kisha akataka kuweka biskuti zake kwenye rafu.

Mwenzangu akasimama mbele yake. "Hizi biskuti zina maziwa?"

Binti akatafsiri. Mama akapigwa na butwaa, akageuza pakiti, akasoma.

"Zina," alisema.

"Basi zikae kule. Huku ni samaki na maharagi, sitaki vichanganyike."

Mama alimtazama binti yake. Binti akaeleza, akicheka, kwamba kwa samaki na maharagwe hakuna ubaya, lakini tangu aje hajathubutu kumpinga mlinzi wake. Mama akamshika mwenzangu mabega yote mawili, akambusu mashavuni. Biskuti alizipeleka kule alikoambiwa.

Jioni hiyo nilikaanga mukeke kwa kitunguu, nyanya na ndimu. Yule mama alikula akachambua mpaka kichwa, akalamba vidole. Makopo mengine ya tuna yalirudi naye Ubelgiji, mengine tuligawiwa.

Msichana naye alimaliza staji akaondoka. Tulimsindikiza uwanja wa ndege, tukalia, tukarudi kazini. Nilidhani stoo itarudia makaa. Lakini wiki chache baadaye mwanafunzi mmoja Msabato wa kutoka Kamenge alikuja akasimama mlangoni kwa aibu. Alisikia kwamba hapa kuna mahali nguruwe hafiki, na kwamba kuna chungu kinachopikwa Ijumaa ili Jumamosi mtu asipike.

Mwenzangu alifuta mikono, akamvutia kigoda.

"Kaa, mutoto wangu. Tueleze, we unakula nini na nini hauli?"