Fungua Mdomo Kwanza

Nesi anayepima presha kwenye zahanati yetu hapa Majengo hashiki mkono wako kabla hajaona meno. Anafuta tochi yake ndogo kwenye koti, anasema, "Fungua," halafu anaminya fizi taratibu, kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Mwezi uliopita mzee Damiano, mchuuzi wa ng'ombe kutoka Majimoto, alikasirika. Vidonge alishaongezewa mara mbili, presha haishuki. "Nesi, mimi si ng'ombe wa mnadani utazame meno!" Nesi alimulika tochi mdomoni mwake. Aliminya ufizi wa nyuma, mzee akaruka, glovu ikatoka na damu. "Baba, uvimbe huu hauishii mdomoni. Mwili unapigana nao kwa kumwaga kemikali kwenye damu, na zikizunguka kila siku mishipa inakakamaa, presha inagoma kushuka. Vidonge usiache, ila meno nayo yakatibiwe." Sauti yake haikupanda hata kidogo. Alikuwa ameshaanza kumfunga kitambaa cha kupimia. Jana mzee alirudi, akaketi kwenye kiti kilekile. Nesi alikuwa bado anapapasa mfukoni kutafuta tochi, na mzee alikuwa ameshafungua mdomo.