Paskalina Alivyomwoza Binti wa Igulu

Paskalina alipoolewa na kaka yangu huku Ushetu, miaka ya sabini mwanzoni, alitukuta sisi wanawake wa banda la tumbaku tuna nchi yetu. Inaitwa Igulu, iko juu ya mawingu. Tuliitunga wenyewe wakati wa kuchambua majani: leo anasimulia Theopista, kesho mimi, kila mtu na hadithi yake lakini nchi ile ile, mtemi yule yule. Na kila mtu ana watu wake humo. Mama Generoza alikuwa na Limi, binti anayewinda radi kwa mkuki. Alimpenda, jamani, kuliko wanawe wa kuzaa!

Mgeni hasimulii mpaka aalikwe. Paskalina alifunga mafungu ya majani msimu mzima, mdomo unamwasha. "Wifi," aliniambia, "nisiposimulia nitabaki mgeni hapa mpaka nizeeke."

Basi nikamwombea zamu. "Yangu," akasema, "hata asiyewahi kuisikia Igulu ataielewa." Akatuletea kijana mfua chuma, mpole, anayeogopa radi lakini anatengeneza mikuki ya kuiwindia. Weee, tulisahau majani! Kijana akampelekea Limi mkuki, wakapendana, wakaoana.

Wote tukamgeukia Mama Generoza. Nikajisemea, tumekwisha. Kumwoza binti wa mtu bila kwenda kwao kuposa! Maskini Paskalina, kwao Segese hadithi haina mwenyewe.

Mama Generoza akaweka majani chini. "Nani alikuja kwangu kuposa?"

"Hakuna, mama." Machozi yalimlenga. "Nisamehe. Naifuta."

"Unaifutaje, na watu wameshaoana? Unataka mwanangu aitwe mwachika?" Akasimama, akajifunga khanga kiunoni. "Mimi nataka ng'ombe wangu! Kesho, hapa hapa, mbele ya wote. Na wasiniletee waliokonda!"

Nilicheka mpaka nikakalia tumbaku ya watu.

"Sasa ng'ombe utamdai nani?" Theopista akauliza. "Huyo kijana ana wazazi?"

"Si huyu hapa mama yake?" Generoza akamwonyesha Paskalina, akasogea kwenye mkeka wake, akapigapiga pembeni. "Njoo ukae, mkwe wangu."

Paskalina alikaa, analia huku anacheka. Kesho yake alisimulia ng'ombe wa mahari walivyopandishwa mawinguni, na Generoza, bila haya, akamrudisha mmoja kwa kuwa anachechemea.